Tuta la Huenda

Kwenye orodha ya serikali ya mambo ya kale, kilichopo shambani kwa Mervyn Bufton kimeandikwa hivi: "Tuta la udongo. Huenda ni ngome ya zama za kati." Maneno kumi, basi. Yaliandikwa mwaka 1953 na kijana aliyekuja kijijini kwetu Cwmbrith kwa baiskeli siku ya mvua, akalitazama tuta akiwa nje ya geti, akaingia kwa mama yangu kunywa chai, akaondoka. Mama ndiye aliyempokea, kwa hiyo najua ninachosema. Kijana yule alikaa kijijini dakika arobaini, na thelathini kati ya hizo alikuwa jikoni kwetu anakausha soksi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutia hata kijiko pale. Ukitaka kujua kama ni ngome, lazima uchimbe. Ukitaka kuchimba, lazima uombe kibali. Ukiomba kibali unajibiwa hapana, kwa sababu huenda ni ngome. Niliwahi kumweleza marehemu mume wangu mambo haya, akaniambia nisimtie kichaa, akaenda kukamua ng'ombe.

Mimi ni Glenys Hamer. Napika chai kwenye ukumbi wa kijiji, mwaka wa thelathini na moja huu, sijalipwa na sijashukuriwa ipasavyo. Anayepika chai husikia yote, maana watu wakiona mtu ameshika birika wanadhani hana masikio.

Sasa, Mervyn na dada yake Eluned hawakuoa wala kuolewa. Wamezaliwa kwenye nyumba ile ya mawe iliyo ng'ambo ya barabara kutoka kwenye tuta, wamezeekea humo, na humo wamekuwa wakigombana kwa upendo miaka sabini na kitu. Nyumba yenyewe ni balaa. Kuta zake ni nene hata mtu mzima anaweza kulala ndani ya dirisha, na baridi yake haijui Julai. Chini kuna jiko na chumba cha maziwa tu. Vyumba vya kulala viko juu, choo kiko juu, na njia ya kwenda juu ni ngazi za mawe kumi na tisa zinazojizungusha ndani ya ukuta kwenye giza, nyembamba, kila moja ina kimo chake, kamba badala ya kishikio. Sisi watoto tuliambiwa kwamba Bufton fulani wa zamani alikuwa bahili wa mbao. Tuliamini, kwa sababu wa sasa naye ni bahili.

Oktoba mwaka juzi Eluned aliteleza kwenye ngazi zile akiwa amebeba mashuka. Alishuka zote kumi na tisa kwa mpigo, akatua juu ya bakuli la mbwa. Bakuli lilivunjika na nyonga ya Eluned ikavunjika. Mbwa, Nel, alinusurika, akakaa karibu naye analia mpaka Mervyn akarudi kutoka kwa kondoo.

Hospitali walimtibu vizuri, ila hawakumruhusu kurudi nyumbani. Alikuja binti mmoja wa ustawi wa jamii, akazitazama zile ngazi, akasema hapana, mama huyu hawezi kuishi nyumba isiyo na choo cha chini. Mervyn akaita fundi atoboe ukuta apitishe bomba. Fundi alivunja tindo tatu siku ya kwanza, akakusanya vyombo vyake, akaenda zake bila hata kudai. Basi Eluned akawekwa kwenye makao ya wazee, mjini, maili ishirini kutoka kwenye kuku wake. Nilikwenda kumwona kila Alhamisi. Walimkalisha mbele ya televisheni na mfuko wa puto, eti apige puto kwa mazoezi.

"Shoga," akaniambia, "nimezalisha kondoo elfu moja kwa mikono hii. Leo napewa puto."

Nilirudi na basi nikilia, na mimi si mtu wa kulia ndani ya basi.

Kwa hiyo Mervyn akaamua kujenga kijumba kisicho na ngazi, vyumba viwili na choo. Sehemu pekee kavu na tambarare kwenye shamba lote ni ule uwanja ulio chini ya tuta. Akaomba. Halmashauri ikakaa miezi miwili, ikajibu kwa barua ndefu kwamba nyumba hiyo itaharibu mandhari ya ngome. Ngome ipi? Ile ya huenda. Na makao ya wazee wakamwambia kwamba kama mpaka katikati ya kiangazi hakuna nyumba ya chini, Eluned atahesabiwa mkazi wa kudumu, chumba kitakuwa chake mpaka mwisho. Neno "mwisho" walilitamka kwa tabasamu.

Hapo ndipo anapoingia Bwana Clive Hathersage. Clive alikuwa daktari wa meno Birmingham, akastaafu, akahamia kwetu miaka minane iliyopita na viatu vya mpira visivyo na tope. Mwaka wa pili akaanzisha Chama cha Historia. Wanachama kumi na mmoja, saba kati yao wanakuja kwa ajili ya keki zangu. Mtu mwema, sisemi, lakini mjuaji. Hukuweza kumpa habari ya mvua asikuambie ilinyesha vipi mwaka 1282. Na roho yake yote ilikuwa kwenye lile tuta. Alitaka neno "huenda" lifutwe kabla hajafa.

Mwezi wa Februari alikuja ukumbini macho yakimwaka.

"Glenys, sheria inamkataza binadamu kuchimba. Haimkatazi fuko."

"Fuko hajui kusoma, Clive."

"Ndiyo maana yake. Fuko anachimba, anatoa udongo juu. Sisi tunauchekecha ule udongo tu. Tutapata vigae, mifupa, chochote. Naomba chujio lako la unga."

Nilimpa chujio. Halijarudi mpaka leo.

Tatizo lilikuwa Mervyn, maana Mervyn ni adui wa mafuko. Kila mwaka huwatega, akawaning'iniza kwenye waya wa uzio wamejipanga kama nguo, jirani waone kwamba shamba lina mwenyewe. Clive akaenda kumwomba asitege msimu huu. Kijiji kizima tulijua atafukuzwa. Mervyn akasema, "Haya, sawa," akaenda kuitegua mitego yote siku hiyo hiyo. Tulidhani anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa na akili yake, na ningejua ningemzuia.

Mwezi mzima wanachama walipiga magoti juu ya tuta kwenye baridi, wanachekecha vichuguu vya mafuko. Walipata mawe. Walipata kizibo cha bia. Halafu Jumapili moja ya Machi, Clive akapata kigae cha kijani kinachong'aa. Kesho yake viwili. Ikafika Ijumaa wana vigae kumi na vinne, na Clive hatembei tena, anaelea. Akaviunganisha mezani kwake kwa gundi ya meno, kazi safi kabisa, mkono ule ulikuwa haujasahau. Likatoka bakuli zima, la kijani, limepinda kidogo ubavuni. Akampelekea picha mtaalamu mmoja wa chuo kikuu, na mtaalamu akajibu ni la miaka ya 1250 au hapo karibu. Vumbi kidogo alilokwangua ndani yake likaenda maabara, wapime lilikuwa linapakuliwa nini.

Majibu ya maabara Clive alikuja kunisomea mimi kwanza, pale jikoni ukumbini.

"Mafuta ya kondoo. Uji wa shayiri. Na sikiliza hii, Glenys. Majani ya chai na maziwa."

"Chai?"

"Chai! Mwaka 1250! Hapa Ulaya hakuna aliyeionja mpaka miaka mia tatu na zaidi baadaye. Unaelewa maana yake? Bwana wa ngome hii alikwenda vitani Mashariki akarudi na chai. Naandika makala."

Mimi nimepika chai maisha yangu yote. Mafuta ya kondoo, uji wa shayiri na chai ya maziwa najua ni chakula cha nani. Ni chakula cha Nel. Mervyn humpa mabaki ya chungu asubuhi, na kila anapokunywa chai, popote alipo, mashapo ya mwisho humwagia mbwa bakulini. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake.

Nikamfuata Mervyn zizini.

"Mervyn, lile bakuli la Nel lililovunjika liko wapi?"

Akaendelea kukata kwato za kondoo. "Nilitupa."

"Ulitupa wapi?"

Kondoo mwenyewe alinitazama kwa aibu kubwa kuliko yeye.

"Nilidhani ni takataka, Glenys," akasema mwishowe. "Nikasema wakikuta vigae vya mbwa na vizibo vya bia, watajua lile ni jalala la shamba tu, watalifuta kwenye orodha, dada yangu Luned apate nyumba. Nikavipachika kwenye udongo wa mafuko. Sasa tazama."

"Kizibo cha bia pia ni chako?"

"Cha kwangu."

"Wewe mwanamume una kichwa cha nini?"

"Niseme ukweli sasa? Wataniambia nimechezea mali ya kale. Halmashauri itampa kibali mtu mwongo? Na Luned atajua ni mimi niliyemfungia mlango." Akafuta uso kwa mkono uliojaa mavi ya kondoo, akashindwa kuuinua tena.

Nilikuwa nimekuja kumpasha. Nikajikuta nimemshikia kondoo.

Mkutano uliitwa Aprili, Jumamosi, saa nane mchana. Ofisi ya mambo ya kale ilimtuma Bi Carys Anwyl, msichana mwembamba mwenye matope halisi kwenye viatu, aje aone ushahidi, na kama unatosha alifute lile "huenda." Likifutwa, uwanja ule haujengwi milele. Mervyn alijua. Eluned naye alijua. Aliomba ruhusa ya siku moja makaoni, akaja kwenye kiti cha magurudumu amevaa koti lake la bluu la mazishi. Nikamuuliza mbona hilo koti.

"Nakuja kuzika nyumba yangu," akasema.

Ukumbi ulijaa. Bakuli lilikuwa mezani mbele, juu ya kitambaa cheupe, na Clive kando yake amevaa tai. Alizungumza dakika hamsini. Alituanzisha kwenye vita vya Mashariki, tukapita jangwani, tukarudi Cwmbrith na kifuko cha majani ya chai kifuani mwa askari farasi. Mbele ya watu wazima alisema, "Huenda hapa ndipo Ulaya ilipokunywa chai yake ya kwanza." Wanachama saba wa keki wakapiga makofi. Bi Carys hakupiga. Alikuwa anaandika kitu kwenye daftari, halafu anakikata.

Nikapitisha chai. Mervyn alikuwa kiti cha mbele, kijivu usoni, Nel miguuni pake. Alikunywa kwa sababu amepewa, hata sidhani alijua ameshika kikombe. Nami nikiwa na birika mkononi nikamwona Nel anainuka. Akainusa hewa. Akaenda mpaka mezani, akaweka miguu miwili ya mbele juu ya kiti cha Clive, akalitazama bakuli, halafu akamgeukia Mervyn na kumsubiri.

Ningeweza kumwita. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumwita.

Mervyn alimtazama mbwa wake. Akasimama, mawazo yake yako maili ishirini kutoka pale, akasogea hatua mbili, na kwa mkono ule ule wa kila siku akamimina mashapo ya chai ndani ya bakuli la mwaka 1250. Nel akalamba.

Clive alifungua mdomo, na yeye anayejua midomo yote hakujua aufanye nini wake. Mervyn bado ameshika kikombe, anaanza kuelewa, na wekundu unampanda kutoka shingoni.

Ndipo Eluned akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mervyn. Hilo bakuli nililivunja mimi Oktoba kwa makalio yangu. Limefikaje hapa?"

Basi Mervyn akasema yote. Alisema akiwa amesimama, akimtazama dada yake tu. Mafuko, vigae, kizibo cha bia, kwamba alitaka kumrudisha nyumbani na sasa amemfungia nje. Alipomaliza akasema, "Nisamehe, Luned," akakaa, akaficha uso kwenye kofia. Eluned alinyoosha mkono akamshika ukosi kama anavyoshikwa mwanakondoo. Clive alikuwa ameketi, amelipakata bakuli lenye chai, na mimi niliyemcheka miaka minane nilimhurumia.

Aliyezungumza wa kwanza ni Bi Carys.

"Mama Bufton, samahani. Bakuli hili mlilipata wapi?"

"Baba alilikuta chini ya sakafu ya chumba cha maziwa alipomwaga saruji, mwaka 1961. Mbwa saba wamekula humo."

"Sakafu ya nyumba gani?"

"Yetu. Tuna nyumba ngapi?"

"Na wewe ulianguka wapi?"

"Ngazini."

"Ngazi za aina gani?"

Eluned akamweleza. Alimweleza kwa lugha iliyomfanya mchungaji wa kanisa atazame dari. Zinazunguka kulia ukipanda, za mawe, ndani ya ukuta, kumi na tisa, na ile ya saba imewekwa juu kuliko nyingine ili kumuua mtu. Bi Carys akaacha kuandika. Akaiweka keki yangu chini bila kuimaliza, jambo ambalo kwa kawaida silisamehe.

"Naweza kuziona?"

Tulikwenda wote, ukumbi mzima, kwa magari na kwa miguu. Bi Carys aliupima ukuta wa jikoni kwa mikono, akasimama mbele ya tundu alilotoboa fundi, akatia tochi, akacheka peke yake. Halafu akapanda ngazi. Tulisikia hatua zake zinazunguka, zinasimama, zinazunguka. Alikaa huko nusu saa. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui nywelani na machozi.

"Huu ni mnara," akasema. "Mnaishi ndani ya mnara wa ngome. Ngazi ya saba imeinuliwa makusudi, adui ajikwae. Bwana Bufton, kwa nini hamkuwahi kumwambia mtu?"

Mervyn alilitazama tundu la fundi.

"Hakuna aliyeuliza," akasema. "Wote mlikuja kwa ajili ya tuta."

Tuta lenyewe, ikaja kuonekana, ni udongo tu uliotupwa pale walipochimba msingi wa mnara. Likafutwa kwenye orodha. Nyumba ndiyo ikaingizwa, bila huenda, na barua ikaja kwamba kuanzia sasa hakuna ruhusa ya kupigilia hata msumari humo, choo usiseme. Na kwa kuwa akina Bufton hawawezi kuirekebisha nyumba yao, halmashauri ile ile, kwa mshangao wa wote, ikaidhinisha kijumba kwenye uwanja chini ya tuta. Sababu waliyoandika ninayo hapa, nimeibandika jikoni ukumbini: tuta litakificha kisionekane kutoka ngomeni.

Clive alinyamaza wiki tatu. Wiki ya nne akatangaza mhadhara kuhusu mnara, na akasema kwamba tangu zamani alikuwa na mashaka na ile nyumba. Bakuli liko makumbusho sasa, bila maelezo ya chai. Nel amenunuliwa la plastiki, hataki kulitazama.

Eluned alirudi siku kumi kabla ya kiangazi kufika nusu. Kijumba kilikuwa bado kinanuka rangi. Kitu cha kwanza alichotaka hakikuwa kukiona, alitaka apelekwe ng'ambo ya barabara kwenye nyumba ya zamani, kwa sababu alisikia ofisi wametundika kibao. Tukamsukuma, mimi na Mervyn, mpaka mlangoni. Kibao kilikuwa kizuri, cha chuma, kwa Kiwelshi na Kiingereza. Miwani yake ilikuwa kwenye boksi la kuhamia, akamwambia Mervyn amsomee.

"Hatari," Mervyn akasoma. "Ngazi hizi si salama kwa matumizi ya binadamu. Usipande."

Eluned alikaa anazitazama. Ngazi zile alizipanda na ndoo ya maji ya moto kila asubuhi kwa miaka sita mama yao alipokuwa kitandani. Baba yao walimteremsha kwa ngazi zile akiwa kwenye jeneza, yeye akishika upande wa miguu. Alianza kucheka, kicheko kikamtikisa mabega, machozi yakamtiririka, na mimi nikaanza, na Mervyn akasimama katikati yetu hajui amshike nani.

"Soma tena," Eluned akasema.

Mervyn akavua kofia, akasoma tena.